Lugha na Pesa kwenye Njia za Theluji za Québec

Mtandao wa njia za pikipiki za theluji katika jimbo la Québec, mashariki mwa Kanada, una urefu wa zaidi ya kilomita 30,000. Njia hizo hupita misituni, juu ya maziwa yaliyoganda na katika mashamba ambayo wenyewe wameruhusu yapitwe, kisha huingia vijijini hadi kwenye pampu za mafuta na milango ya hoteli. Hutunzwa na vilabu vya wenyeji, ambavyo kazi zake nyingi hufanywa na watu wa kujitolea, chini ya shirikisho lao liitwalo Fédération des clubs de motoneigistes du Québec, au FCMQ, lililoundwa mwaka 1974. Msimu huanza Desemba theluji inaposhika, ukaisha mwishoni mwa Machi au mapema Aprili kutegemea mkoa. Kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi Ottawa, Toronto au kaskazini-mashariki ya Marekani, njia hizi ziko umbali wa saa chache tu kwa gari.

Wageni wengi hujiandaa vizuri kwa baridi. Hununua nguo nzito, helmeti yenye kioo kisichoshika ukungu na glavu za manyoya. Wachache hujiandaa kwa kibao cha njiani kilichoandikwa kwa Kifaransa kitupu, au kwa bili inayozidi bei iliyosomwa kwenye menyu. Hayo mawili ndiyo huharibu safari nyingi, na yote mawili hujifunzwa kwa jioni moja kabla ya kuondoka nyumbani.

Kifaransa ndicho lugha ya chombo chenyewe tangu kilipozaliwa. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa kijiji cha Valcourt, alianza kujaribu vyombo vya kwenda juu ya theluji mwaka 1922 akiwa kijana wa miaka 15. Majira ya baridi ya mwaka 1934 mtoto wake Yvon, mwenye umri wa miaka miwili, aliugua ghafla. Barabara ilikuwa imezibwa na theluji, hospitali haikufikika, na mtoto akafariki. Mwaka 1937 Bombardier alipata hataza ya mfumo wake wa gurudumu la meno linalozungusha mkanda mpana wa kukanyagia theluji, na vyombo vyake vya kwanza vikabeba madaktari, mapadri, posta na watoto wa shule. Pikipiki nyepesi ya mtu mmoja au wawili, Ski-Doo, ilitoka mwaka 1959. Jina hilo la biashara limeenea mno hata wenyeji wengi husema wanakwenda kwenye “skidoo” bila kujali nani ameitengeneza. Jina rasmi ni “motoneige”, na anayeiendesha ni “motoneigiste”.

Kifaransa cha Québec

Kanada ina lugha mbili rasmi, Kiingereza na Kifaransa, lakini Québec ina moja tu. Tangu Hati ya Lugha ya Kifaransa ya mwaka 1977, ijulikanayo zaidi kama Sheria 101, vibao vya barabarani, menyu, matangazo na majina ya maduka sharti vitangulize Kifaransa. Hata kibao chekundu cha kusimama, ambacho nchini Ufaransa kwenyewe huandikwa STOP, hapa huandikwa ARRÊT. Katikati ya Montréal mgeni atajibiwa kwa Kiingereza mara nyingi. Njia nzuri za theluji, hata hivyo, haziko Montréal. Ziko Saguenay–Lac-Saint-Jean, Abitibi, Mauricie, Charlevoix, Côte-Nord na Gaspésie, na katika vijiji vya mikoa hiyo mhudumu wa pampu au mama wa jikoni anaweza asijue Kiingereza zaidi ya maneno machache. Anayefikiri kila Mkanada anazungumza Kiingereza atakwama mapema.

Jambo la kwanza ni salamu, na hapa aliyelelewa Uswahilini ana faida. Pwani ya Afrika Mashariki mtu haingii dukani akauliza bei kabla ya kumjulia hali mwenye duka, na Québec ni hivyo hivyo. “Bonjour” husemwa kwanza, mlangoni, kabla ya swali lolote. Mgeni anayeanza moja kwa moja kwa Kiingereza huonekana amekuja kuamuru. Anayeanza kwa “bonjour”, hata kama Kifaransa chake kinaishia hapo, humfanya mwenzake atafute neno la Kiingereza alilo nalo, au amwite kijana wa jikoni aje kusaidia. Tena ajue kwamba akishukuru kwa “merci”, atajibiwa “bienvenue”. Ufaransani neno hilo ni la kumkaribisha mgeni anayefika; Québec lina kazi ya pili, ya kumjibu aliyeshukuru.

Wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi na Rwanda huja na Kifaransa chao tayari, lakini nao wana ya kujifunza. La kwanza ni namba. Shule zao zilirithi Kifaransa cha Ubelgiji, ambacho husema “septante” kwa 70 na “nonante” kwa 90. Québec hufuata Ufaransa: 70 ni “soixante-dix”, yaani sitini na kumi, na 90 ni “quatre-vingt-dix”, yaani ishirini mara nne na kumi. Kwa hiyo dola 75 hutamkwa “soixante-quinze”, na sikio lisilozoea hukamata sitini tu likaacha kumi na tano. Kwenye kaunta yenye kelele za injini nje, kosa hilo ni la dola 15. Ni busara kuomba bei iandikwe: “Pouvez-vous l’écrire?” Hakuna anayeona vibaya kuombwa hivyo.

Milo nayo huenda kwa hesabu tofauti na ya Paris. “Déjeuner” ni cha asubuhi, “dîner” ni cha mchana na “souper” ni cha jioni. Msafiri aliyesoma Kifaransa cha vitabu vya Ufaransa akiambiwa jikoni kuna “dîner” hadi saa fulani, atafika usiku akute sufuria zimeshaoshwa. Saa huandikwa kwa mfumo wa saa 24 na herufi h katikati: 20 h 30 ni saa mbili na nusu usiku kwa Kiswahili. Vijijini jikoni hufungwa mapema, na baada ya siku nzima kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, kukosa chakula cha moto si jambo dogo.

Yako pia maneno yanayofanana na ya Kiingereza lakini yenye maana nyingine. “Location” ni ukodishaji, wala si mahali: kibao cha “location de motoneiges” humaanisha hapa pikipiki za theluji hukodishwa. “Monnaie” ni chenji au sarafu. Pesa yenyewe ni “argent”, na pesa taslimu ni “argent comptant”. “Liqueur” katika mkahawa wa kijijini kwa kawaida ni soda. “Dépanneur”, ambalo Ufaransani ni fundi anayekuja kumwokoa aliyeharibikiwa, Québec ni duka dogo la mtaani linalochelewa kufungwa, lenye maziwa, betri, mkate na mara nyingi pampu ya mafuta mbele yake. Aliyeharibikiwa na injini akielekezwa kwa dépanneur asitarajie kukuta spana.

Kuhusu “tu” na “vous”, wenyeji huhamia “tu” haraka kuliko Wafaransa au Wakongo walivyozoea. Kijana wa pampu akimwambia mzee wa miaka 60 “tu” hajamdharau. Hata hivyo mgeni afanye vyema kuanza na “vous”, hasa kwa mtu mzima, na kuacha mwenyeji amshushe ngazi mwenyewe.

Maneno yanayookoa maisha

Njiani maneno ni machache, na kila moja lina uzito. “Sentier” ni njia ya pikipiki za theluji. Njia kuu za Trans-Québec zina namba ya tarakimu moja au mbili, za mikoa zina tarakimu tatu, na namba hiyo ndiyo ya kwanza kutajwa mtu anapoomba msaada. “Relais” ni kituo cha mapumziko, chenye jiko la kuni au mkahawa, na mara nyingine mafuta. “Essence” ni petroli, ingawa wengi husema “gaz”. “Traverse” ni mahali njia inapokata barabara ya magari, “pont” ni daraja, “ralentir” ni punguza mwendo. “Sentier fermé” ni njia iliyofungwa, na kibao hicho hakijadiliwi: huenda daraja limechukuliwa na maji, au mwenye shamba ameondoa ruhusa yake. Klabu inaweza kupoteza njia nzima kwa sababu ya wageni wachache waliopita palipokatazwa, na watu waliojitolea miaka mingi wakalazimika kuanza upya kumbembeleza jirani.

Neno ambalo wageni wengi hawalijui ni “surfaceuse”. Ni trekta kubwa linalosawazisha theluji ya njia, pana karibu sawa na njia yenyewe, na hufanya kazi zaidi usiku. Kikionekana kibao chenye neno hilo au taa zake zinazomulika mbele, dereva apunguze mwendo, ashike kulia kabisa na kusimama ikibidi. Kikomo cha kawaida cha mwendo njiani ni kilomita 70 kwa saa, na karibu na nyumba hushuka sana.

Juu ya maziwa maneno hubadilika. “Glace mince” ni barafu nyembamba. “Sloche” ni mchanganyiko wa maji na theluji unaojificha chini ya theluji kavu inayoonekana salama. Pikipiki ikizama humo mkanda hujaa maji, na dereva akisimama kuifikiria, maji hayo huganda na kuishikilia hapo hapo. Wenyeji wakisema “il y a de la sloche sur le lac”, maana yake ni moja: usitoke kwenye njia iliyowekewa vijiti. Utabiri wa hali ya hewa nao una msamiati wake. “Redoux” ni siku za joto la ghafla katikati ya baridi, ambazo hulainisha njia na kudhoofisha barafu. “Verglas” ni mvua inayoganda inapogusa ardhi. “Poudrerie”, neno ambalo Ufaransani ni kiwanda cha baruti, Québec ni theluji inayorushwa na upepo kiasi cha kumfanya mtu asione hata ncha za ski zake. Redioni likitajwa hilo, kundi lenye busara hubaki hotelini likaongeza usiku mmoja.

Lugha zote zikishindwa iko ya mikono, ambayo haijui Kifaransa wala Kiingereza. Mkono wa kushoto ukinyooshwa pembeni, dereva anapinda kushoto. Ukikunjwa kiwiko na kiganja kuelekezwa juu, anapinda kulia. Ukiinuliwa wima kabisa, anasimama. Anayekutana na kundi linalotoka mbele ataona dereva akionyesha kwa kidole gumba nyuma ya bega lake, yaani wengine wanafuata. Wa mwisho huinua ngumi iliyofumbwa. Ishara hiyo ya ngumi imezuia ajali nyingi kwenye kona, na kuitumia ni wajibu kwa kila anayefunga msafara.

Kwa dharura namba ni 911. Anayepiga aseme kwanza “j’ai besoin d’aide”, kisha namba ya sentier na kibao cha karibu, kisha tatizo: “blessé” kwa majeruhi, “panne” kwa chombo kilichoharibika, “je suis pris” kwa aliyekwama thelujini. Simu zenyewe huzimika haraka kwenye baridi kali kwa sababu betri hupoteza nguvu, kwa hiyo hukaa ndani ya koti karibu na mwili, si kwenye usukani. Sehemu nyingi za msituni hazina mtandao wa simu kabisa. Kwa fundi, maneno ya kutosha ni haya: “courroie” ni mkanda wa kupeleka nguvu kutoka kwenye injini, “bougie” ni plagi, “chenille” ni mkanda wa kukanyagia theluji, “huile” ni oili na “frein” ni breki. Kuonyesha kwa kidole na kutaja neno moja kati ya hayo humtosha fundi wa kijijini.

Bei na bili

Pesa ya Kanada ni dola yake yenyewe. Noti za plastiki ni za dola 5, 10, 20, 50 na 100, kila moja na rangi yake. Dola moja na mbili ni sarafu. Ya dola moja, iliyotoka mwaka 1987, ina ndege wa majini aitwaye “huard”, na jina hilo limekuwa la sarafu yenyewe na hata la dola ya Kanada kwa jumla. Mitaani dola huitwa “piasse” na senti huitwa “cenne”. Sarafu ya senti moja iliondolewa mwaka 2013, hivyo anayelipa taslimu hukadiriwa hadi senti tano za karibu: 45.99 hulipwa 46.00, na 45.97 hulipwa 45.95. Anayelipa kwa kadi hukatwa senti kamili.

Namna ya kuandika bei inaweza kumchanganya msomaji wa Afrika Mashariki. Québec huweka mkato mahali pa nukta, na alama ya dola mwishoni: 12,50 $ ni dola kumi na mbili na nusu. Maelfu hutenganishwa kwa nafasi, kama 1 250 $. Aliyezoea kuona shilingi 12,500 zikiandikwa kwa mkato asome polepole. Kwenye pampu kibao cha 159,9 humaanisha senti 159.9 kwa lita, yaani karibu dola 1.60. Mmarekani aliyezoea galoni naye hujikwaa hapo, kwa kuwa galoni moja ya kwao ni karibu lita 3.8. Petroli ya kawaida huitwa “ordinaire”, yenye oktani nyingi zaidi huitwa “super”, na mwongozo wa pikipiki ndio unaoamua ipi itumike.

Bei ya mafuta ina kodi ndani yake. Karibu bei nyingine zote hazina. Kodi mbili huongezwa kaunta: TPS ya serikali kuu, asilimia 5, na TVQ ya jimbo, asilimia 9.975. Chakula cha msingi cha dukani kama mkate, maziwa, mayai na nyama mbichi hakitozwi, lakini chakula cha mkahawani hutozwa. Hoteli huongeza juu yake kodi ya malazi, ambayo kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya bei ya chumba. Kwa hiyo chumba kilichotangazwa kwa bei fulani hakitalipiwa bei hiyo. Mpango wa kumrudishia mtalii kodi ya bidhaa alizonunua ulifutwa mwaka 2007, na mgeni asitarajie kurudishiwa chochote mpakani.

Kisha kuna bakshishi, “pourboire”. Mlo wa dola 40 waonyesha hesabu nzima. TPS ni dola 2, TVQ ni dola 3.99, jumla 45.99. Bakshishi ya asilimia 15, ambayo ndiyo kima cha chini cha adabu kwa huduma ya mezani, huhesabiwa kwenye zile 40 za mwanzo, yaani dola 6. Mlaji hutoka na bili ya dola 51.99. Wenyeji wana njia ya mkato: kodi mbili kwa pamoja hukaribia asilimia 15, hivyo hutazama jumla ya kodi kwenye risiti na kuacha kiasi hicho hicho. Tangu Mei 2025 sheria ya jimbo inazitaka mashine za kadi zipendekeze bakshishi kwa bei ya kabla ya kodi, lakini ni vizuri kuangalia namba kabla ya kubonyeza.

Wageni wa kutoka Ulaya na Afrika, ambako bakshishi ni hiari ya moyo, hukasirishwa na jambo hili. Inafaa wajue sababu. Sheria ya Québec inaruhusu wahudumu wanaopokea bakshishi walipwe kima cha chini cha mshahara kilicho pungufu ya cha wafanyakazi wengine, kwa kutegemea kwamba mteja atajaza pengo. Anayeondoka bila kuacha kitu amempunja mtu aliyesimama tangu alfajiri akipika mayai ya madereva. Kwenye pampu na kwa dépanneur bakshishi haihitajiki.

Mashine ya kadi huuliza maswali yake kwa mpangilio. “Montant” ni kiasi, “pourboire” ni bakshishi, “autre” ni kiasi kingine, “aucun” ni hakuna. Kisha huja “NIP”, ambayo ni namba ya siri. Kadi ya benki ya ndani hupita kwenye mtandao wa Kanada uitwao Interac, na mashine huuliza “chèques” au “épargne”, yaani akaunti ya hundi au ya akiba. Kadi ya kigeni yenye alama ya Visa au Mastercard hufanya kazi mahali pengi. Zipo kaunta ndogo zinazopokea Interac na taslimu tu, na huduma za pesa kwa simu za Afrika Mashariki hazina nafasi pale mezani. Mashine ikimpa mgeni chaguo la kulipa kwa pesa ya kwao, ajibu hapana na kuchagua dola ya Kanada, kwa sababu kiwango kinachotumika hapo huwa kibaya kuliko cha benki yake. Pampu za kujihudumia mara nyingi huzuia kwanza kiasi kikubwa kwenye kadi kabla ya kurekebisha baadaye. Zikikataa kadi ya kigeni, dawa ni kuingia ndani, kusalimia na kulipa kwa mhudumu.

Mashine ya kutolea pesa ni “guichet automatique”. Vijijini mara nyingi ni ya Desjardins, chama cha ushirika wa akiba na mikopo kilichoanzishwa na Alphonse Desjardins mjini Lévis mwaka 1900, ambacho kwa muundo wake ni ndugu wa SACCOS zinazojulikana Tanzania na Kenya. Vijiji vingi vimepoteza mashine zao miaka ya karibuni, na relais ya katikati ya msitu haijawahi kuwa nayo. Kwa hiyo noti za dola 5, 10 na 20 zibebwe tangu mjini, zitoshe mafuta ya tangi moja na milo miwili. Kibao cha “argent comptant seulement” kikisomwa kilomita 90 kutoka benki ya karibu, kadi ya dhahabu haisaidii. Dola ya Marekani hupokewa baadhi ya mahali, kwa kiwango anachokitaka mwenye duka.

Kibali, kukodi na bima

Gharama ambayo haikwepeki ni “droit d’accès”, haki ya kutumia njia. Huuzwa kwa mwaka au kwa siku chache, na fedha zake ndizo zinazolipia surfaceuse, madaraja na vibao. Kuinunua mapema mtandaoni ni nafuu kuliko kuuziwa na askari wa njia aliyemkuta mtu hana, achilia mbali faini. Pikipiki lazima iwe na bima ya dhima ya angalau dola milioni 1, na anayeleta chombo chake mwenyewe apate uthibitisho wa maandishi kwamba bima yake inafika Québec. Dereva awe na umri wa miaka 16 au zaidi, na kuendesha amelewa ni kosa la jinai sawa na kwenye gari.

Anayekodi huwekewa mezani mkataba. Tangu Juni 2023 mikataba ya namna hii, ambayo masharti yake huandikwa na upande mmoja, hutolewa kwanza kwa Kifaransa, kisha mteja anaweza kuchagua toleo la lugha nyingine likiwepo. Maneno ya kutafuta ndani yake ni mawili. “Dépôt” ni amana inayozuiwa kwenye kadi hadi chombo kirudi. “Franchise” ni sehemu ya hasara ambayo mteja hulipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na kwa pikipiki ya theluji inaweza kuwa maelfu ya dola. Kabla ya kutia sahihi, ni vyema kuuliza kama droit d’accès imo ndani ya bei, nani analipia mafuta, na kupiga picha kila mkwaruzo mbele ya mwenye duka.

Hospitali za Québec hazimtibu bure mgeni wa kutoka nje ya Kanada, na kumtoa majeruhi msituni ni kazi ya gharama. Bima ya safari ni ya lazima kwa mwenye akili timamu, lakini ziko zinazoiweka pikipiki ya theluji katika michezo ya hatari isiyolipiwa. Kifungu hicho husomwa nyumbani, kabla ya ada kulipwa.

Siku ya mwisho hubaki sarafu. Maduka ya kubadilishia fedha nje ya Kanada hununua noti, sarafu hayazitaki, na mfuko wa huard na vipande vya dola mbili hujaa upesi kwa anayelipa taslimu. Kituo cha mwisho cha mafuta kabla ya mpaka ndipo pa kuzimalizia, kwa kulipia kahawa na lita chache za petroli ya gari linalovuta tela.